Mkavu wa Macho

Nilidhani nimeshapimwa.
Karatasi ninayo, nikamwambia, ya mwaka huu huu,
nimeikunja mara nne, inakaa na filimbi na kadi:
kulia hasi tatu, kushoto hasi tatu na robo.
Nipe lenzi, daktari, Jumamosi nina mechi Tandika.
Miwani ya tatu imevunjwa na mpira wa kona,
na uwanja mzima ulishangilia kuliko goli.

Daktari Kokuhirwa akaikunjua, akaisoma, akanirudishia.
"Hii ni ya miwani," akasema.
"Miwani ni mgeni wa barazani.
Huyu unayemtaka analala chumbani.
Lazima nikague kitanda."

Nje, Mtaa wa Lindi, mtu alikuwa akinadi soksi
kwa kipaza sauti, jozi tatu buku mbili.

Kipimo cha kwanza nakikumbuka:
ubao wa herufi, kiganja juu ya jicho moja,
kijana akibadili vioo mbele ya pua yangu,
hii, au hii? Ya kwanza, au ya pili?
hadi nikaona aibu, kama mtoto anayebahatisha jibu.
Waliniuliza ninaona nini.
Jicho lenyewe likoje, hakuna aliyeuliza.

Leo ubao ulipita upesi.
Kidevu kikawekwa kwenye kibao, paji kwenye utepe,
duara za mwanga zikatua jichoni
moja ndani ya nyingine,
naye akapima mteremko wa kilima
nilichokibeba miaka thelathini na moja
bila kujua kuwa ni kilima.
"Tazama juu. Chini. Tazama sikio langu."
Nani alisema mwenye macho haambiwi tazama?
Mimi niliambiwa dakika arobaini.

Kisha kikaratasi chembamba
akakipachika kwenye kope ya chini, kikaning'inia
dakika tano, anapima machozi.
Machozi! Kwa rula!
Milimita sita.
"Macho yako makavu," akasema, huku anaandika.

Nikamkumbuka shangazi Sikudhani
siku aliponikuta uwanjani na bukta,
nimemwinulia mwanamume mwenye ndevu kadi nyekundu:
"Mkavu wa macho we, huna haya!"
Miaka kumi na moja tunabishana.
Leo ushahidi upo, umepigwa mhuri.

Lenzi ya majaribio ilikuwa tone
lililokataa kudondoka.
Ya kwanza ikanasa kwenye ncha ya kidole,
ya pili shavuni, tukaitafuta wote wawili kwa kupapasa.
Ya tatu ikaingia.
Ikachoma, ikatulia.
"Bado," akasema, "kaa nje dakika ishirini,
nione kama inabana, nione kama inaelea."

Aliporudi na mwanga wake alinipa na masharti:
maji ya bomba marufuku, kulala nazo marufuku,
mikono sabuni, ikaushwe.
Kwa siku saa nne, zisizidi.
"Zinatosha," nikamwambia, "mechi ni dakika tisini."
"Na muda wa nyongeza?"
Kumbe anafuata ndondo, daktari huyu.
"Baada ya wiki urudi. Jicho linaweza kukubali leo
likakataa kesho."

Jumamosi, Tandika. Vumbi, jua la saa kumi.
Kipa wa Azimio kajitupa, kaukumbatia mpira
juu ya mstari wa majivu,
na mimi nimesimama hatua sita,
sina kioo puani wala jasho kwenye kioo,
nikaona majivu yamegusa ngozi ya mpira
upana wa ukucha wa kidole kidogo.
Haujavuka wote. Si goli.
Nikatikisa mkono: mchezo uendelee.

"Refa kipofu!"
Uwanja mzima. Hata muuza barafu.

Jicho la kushoto likaanza kukereketa.
Nikapepesa, mara mbili, tatu,
mtu akapiga kelele kwamba refa analia.
Natamani ningekuwa nalia.
Jumatatu nina miadi.